Jiko halikuwa bovu, sufuria ndiyo ilikuwa tatizo

Wiki ya kwanza na jiko la indaksheni nilijua nimeuziwa bovu. Nabandika sufuria, linalia pii pii pii, linazima. Kumbe kosa ni sufuria yangu ya alumini! Jiko hili halitoi moto. Chini ya kioo kuna koili, yaani waya uliozungushwa, inayotengeneza uga wa sumaku, na joto linazaliwa kwenye kitako cha sufuria yenyewe. Alumini tupu haifai. Sasa sinunui sufuria bila kasumaku mfukoni: kakinasa barabara kwenye kitako, nabeba, kakidondoka, narudisha rafuni.

Kilichonitisha ni kasi. Nilizoea kuweka mafuta jikoni ndipo nianze kutafuta kisu. Hapa mafuta yalifuka moshi kitunguu cha kwanza sijamaliza kumenya. Siku hizi nakata kila kitu kwanza, kisha naanza na joto la kati. Maji tu ndiyo nayapa joto la juu, nafunika, yakichemka napunguza.

Na mtu asikudanganye kwamba kioo hakiunguzi. Chenyewe hakijipashi, ila kinarudishiwa joto na sufuria. Nilipitisha kitambaa mara tu baada ya kuipua, vidole vikanijibu.

Na kwa sababu ya ule uga wa sumaku, mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo amuulize daktari kwanza.

Halafu ile feni inayovuma baada ya kuzima, msihangaike nayo kama mimi. Inapoza jiko. Nilikuwa nakimbilia kuchomoa waya ukutani!