Siku moja na maandazi kumi na mawili

Saa 12:40 asubuhi niko njiani kwenda shuleni. Nafundisha Hisabati darasa la saba, Morogoro, na wiki hii tuko kwenye mafumbo ya uwiano.

Saa 2:00. Naandika ubaoni: vikombe 4 vya unga vinatoa maandazi 10. Vikombe 6 vitatoa mangapi? Nawaambia wasifute kitu, hata wakikosea.

Saa 2:20. Napita kati ya madawati. Wengi wameandika 12. Kila mwaka jibu hili linakuja: unga umeongezeka 2, basi na maandazi yaongezeke 2. Si uvivu hata kidogo. Tangu la kwanza kujumlisha ndiko kulikowavusha.

Nachuchumaa kwa binti mmoja wa dawati la nyuma. Mama yake anauza maandazi.

"Vile vikombe 2 vya nyongeza vimetoa maandazi mangapi?"

"Mawili, mwalimu."

"Kwa hiyo kikombe kizima, andazi moja?"

Ananyamaza. Anakunja viganja kama anayeviringa donge la unga. "Hapana, litakuwa kubwa mno!" Anashika kifutio, namzuia. Chini ya 12 anaandika: 2 na 5, 2 na 5, 2 na 5. Kumi na tano.

Hakuzidisha popote. Zamani ningemdai kanuni. Leo nampa vema, kwa sababu ameona kwamba unga na maandazi vinakwenda pamoja, fungu kwa fungu. Kuzidisha atakufikia mwenyewe akichoka kuandika mafungu.

Saa 4:00, uji.

Saa 5:20, mkondo B. Kijana mmoja anazidisha kwa mshazari, yaani 6 kwa 10 kisha anagawa kwa 4: anapata 15 papo hapo. Nampa lingine: shati 1 limekauka juani kwa saa 2. Mashati 5 yakianikwa pamoja je?

"Saa 10."

"We, kwenu mnaanika moja moja?" jirani yake anamuuliza. Wanacheka wote, naye pia. Mimi jibu hili linanitia wasiwasi kuliko ile 12. Yule binti alikosea akiwa anafikiri; huyu kanuni ilimtangulia kabla hajalisoma swali.

Saa 8:30 nasahihisha, daftari 61. Kila penye 12 naandika swali badala ya mkasi, ile alama ya X.

Saa 3 usiku naandaa la kesho: mafundi 3 wanajenga ukuta kwa siku 8. Wakiwa 6, kwa kasi ileile, siku ngapi? Jibu ni 4, ila nategemea 16 zitakuwa nyingi, za kanuni iliyotangulia, na 11 kadhaa, za kujumlisha. Nitaanza na wenye 11.