Nimepanga nyumba Frankfurt, jikoni nikakuta koki na waya

Majuzi nimetoka kwenye duka la makabati mikono ikinitetemeka kwa hasira. Nawaandikia hasa ninyi mnaojiandaa kuja huku na familia, maana hili hakuna aliyeniambia.

Ujerumani ukipanga nyumba, mara nyingi jiko halimo. Chumba kipo, ila ni kuta nne. Siku nilipokabidhiwa funguo nilikuta koki mbili zimechomoza ukutani, bomba la maji machafu limezibwa kwa kifuniko cha plastiki, na waya mnene wa umeme wa volti 400 unaosubiri jiko la kupikia. Sinki hakuna, kabati hakuna. Aliyekaa kabla yangu alihama na vyake vyote, kama sisi tunavyohama na vitanda. Na hapo nimeshatoa dipoziti ya kodi ya miezi mitatu. Kwetu tunalia na miezi sita mbele, lakini sinki unalikuta!

Basi nikaenda dukani na vipimo vyangu nilivyopima mwenyewe. Muuzaji akanichorea jiko kwenye kompyuta kwa saa mbili, zuri kweli, kisha akaja na bei: euro 14,800, ila kwa leo tu ananipa kwa 7,400 nikisaini kabla hawajafunga. Nikaomba ule mchoro nikalinganishe kwingine. Akasema mchoro ni mali ya duka. Nilipozidi kuuliza maswali akaniambia nisihangaike sana, kwetu si tunapikia nje.

Mama yangu kule Moshi ana makabati ya mninga aliyofungiwa na fundi wa mtaa wa Majengo mwaka 1998. Hadi leo hakuna mlango uliolegea bawaba. Nikainuka, nikavuta droo ya kabati lao la maonyesho mpaka ikatoka yote. Kitako chake kilibonyea kwa kidole. Nikainama chini ya sinki: ubao ni wa maranda yaliyogandishwa kwa gundi, na ukingo wa nyuma, pale bomba linapopita, umeachwa wazi bila utepe. Maji yakigusa hapo ubao unavimba kama andazi. Karibu makabati yote ya bei ya kawaida huku ni ya maranda, na si kosa. Kosa ni ukingo usiozibwa.

Sikusaini, na namshukuru Mungu. Mkataba ukiusaini ukiwa dukani, zile siku 14 za kughairi ambazo watu huzisikia hazikuhusu. Hizo ni za manunuzi ya mtandaoni au yaliyofanyika nje ya duka, na hata huko kitu kilichokatwa kwa vipimo vyako hakimo. Wengi wetu tumelia hapo.

Aliyeniokoa ni bibi wa ghorofa ya pili. Alinikuta kwenye ngazi na ndoo, kwa sababu vyombo naoshea bafuni, akaingia ndani bila kuulizwa mara mbili, akanisimamisha wima, akakunja mkono wangu na kupima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko. Sentimita 103. Akatoa 13, akaandika 90 ukutani kwa penseli: kimo cha meza ya kukatia. Dukani walinichorea 95. Kisha akauliza napika nini. Nikamwonyesha kwa vitendo jinsi ugali unavyosongwa. Akacheka, akaandika 78 pale panapokaa jiko. Ndugu zangu, hilo ndilo jibu la bega langu lililoniuma miaka minne kwenye nyumba ya zamani! Sufuria inaongeza kimo juu ya jiko, nawe unasukuma mwiko ukiwa umenyanyua mabega. Kwa hiyo chini ya jiko nimechagua kabati fupi, la sentimita 60 badala ya 72, mbali na miguu na ubao wa juu.

Jumamosi bibi huyo akanipeleka mtaa wa Römerstadt, kwenye nyumba iliyohifadhiwa yenye jiko lililobuniwa na mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, mwaka 1926. Chumba hakifiki upana wa mita mbili, na kila kitu mkono unakifikia. Yalifungwa kama 10,000 ya namna ile hapa mjini. Mkuu wa mipango miji aliyemwajiri aliitwa Ernst May. Niliporudi nyumbani nikamsoma: mwaka 1934 alihamia Tanganyika, akalima, akarudi kwenye usanifu, na jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, pale Moshi ni kazi yake. Jengo lile! Baba alikuwa akinishika mkono tukipita mbele yake, msimu wa malipo ya kahawa. Nilikaa kitandani nikampigia Mama saa tano usiku, kwake saa sita.

Sasa, unayekuja. Tangazo la nyumba lisome mpaka mwisho uone kama jiko limo. Anayehama akikuuzia lake, kagua chini ya sinki kwanza. Sufuria za alumini usizibebe kama unataka jiko la induksheni, lile linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, halizitambui kabisa. Mimi nimechukua la kioo la kawaida kwa ajili ya sufuria ya Mama ya machalari, zile ndizi za nyama. Waya ule wa volti 400 usiuguse, muite fundi umeme mwenye kibali. Wangu anachukua euro 110. Na makabati ya mtumba yapo mengi, ila unayafungua mwenyewe na kuyashusha mwenyewe ghorofa nne.

Yangu nimeyapata kwa seremala mstaafu aliyeelekezwa na bibi: masanduku ya maranda yaliyozibwa kingo zote, milango ya mbao ya mwaloni, euro 5,200. Droo ya chini kabisa nimeiomba iwe pana, iingize mfuko wa unga wa kilo kumi ukiwa umelala. Anafunga Alhamisi. Ile 78 ya penseli bado ipo ukutani, nimemwomba asiifute.