Kwa Nini Nne?

Juma lililopita binti yangu mdogo alikuja na daftari lake la sayansi, akaketi kando yangu bila kusema neno, kama afanyavyo akiwa na shida. Alikuwa amepanda mbegu kumi na mbili katika vikopo, sita akizimwagilia maji kila siku na sita kila baada ya siku tatu, na kila asubuhi alipima urefu wa miche kwa rula. Mbegu mbili katika zile zilizomwagiliwa kila siku hazikuota kabisa, kwa hiyo wastani aliotarajia uwe mkubwa ulikuwa umeshuka chini ya ule mwingine.

"Baba," akaniuliza, "hizi mbili zimeniharibia jedwali. Nizitoe?"

Nilifungua kinywa kumjibu, na maneno yaliyonijia ulimini yalikuwa "hebu angalia tena." Sikuyatamka. Nilijifanya ninatafuta miwani, ambayo nilikuwa nimeivaa.

Mnaonifahamu mnajua kwamba niliongoza idara ya utafiti kwa miaka mingi kabla ya kuhamia upande wa uongozi wa kampuni. Jambo ninalotaka kulieleza lilitokea katika mwaka wa mwisho wa idara ile, nilipokuwa na mguu mmoja kwenye utafiti na mwingine kwenye utawala. Tulikuwa tumemaliza jaribio la programu ya kompyuta ya kufundishia watoto kusoma. Watoto 96 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili yaliyo sawa, moja likatumia programu yetu na jingine likaendelea na masomo ya kawaida. Kila kitu kilichohusu maadili, kwa maana inayopendwa na kamati, kilikuwa kimekamilika. Wazazi wote walitia saini fomu za ridhaa, majina yalibadilishwa kuwa nambari, na kila mtoto alikuwa huru kujitoa wakati wowote bila kuulizwa sababu. Hayo ndiyo ulimwengu uliyojifunza kwa uchungu hadi kuyaandika katika Kanuni za Nuremberg mwaka 1947 na Azimio la Helsinki mwaka 1964, hati za maadili ya utafiti unaohusu binadamu, na sisi tuliyafuata herufi kwa herufi. Ninalitaja hili ili isidhaniwe kwamba tulikuwa watu wa ovyo.

Mchambuzi wetu wa takwimu alikuwa dada mmoja aliyetoka chuo kikuu miezi michache tu kabla ya hapo. Alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na fomu ya kumthibitisha kazini, ikiwa na sehemu yote ya chini tupu, ilikuwa kwenye mtoto wa meza yangu. Siku kumi na moja kabla ya kikao cha bodi aliniletea matokeo. Watoto waliotumia programu walikuwa wamewazidi wenzao kidogo, lakini namba inayopima uwezekano wa tofauti kama hiyo kujitokeza kwa bahati tu ilisimama kwenye 0.08. Kwa desturi, matokeo huhesabiwa kuwa na uzito iwapo namba hiyo iko chini ya 0.05. Ronald Fisher, mtakwimu wa Uingereza, alikitaja kikomo hicho mwaka 1925 kama kipimo cha kufaa tu, lakini waliokuja baada yake walikigeuza kuwa lango. Kwa 0.08 ulikuwa umebaki nje ya lango, na bodi haikuwa na mjumbe hata mmoja aliyekuja kusikiliza habari za watu waliobaki nje.

Niliitazama karatasi, nikamrudishia, nikasema, "Hebu angalia tena, dada. Naona kuna kitu kinajificha humo."

Sentensi hiyo nimeichunguza tangu wakati ule kama wakili anavyochunguza mkataba, na sijaona ndani yake pa kunikamatia. Sikuagiza chochote wala sikudanganya. Watafiti huambiana hivyo kila siku kwa nia njema kabisa, na mara nyingi mtu akiangalia tena hukuta kosa la kweli, kama safu iliyonakiliwa mara mbili au umri ulioandikwa mahali pa alama. Lakini mimi sikuwa mtafiti mwenzake. Nilikuwa mtu mwenye ile fomu kwenye mtoto wa meza.

Alirudi siku ya tatu, jioni, wakati wengine walipokuwa wakizima kompyuta zao. Hakuingia mara moja. Alisimama mlangoni akiwa ameikumbatia karatasi kifuani, nikamwambia karibu, akaja, akaiweka mbele yangu na kuigeuza ili maandishi yanielekee. Ilikuwa orodha ya watoto 48 wa kundi la programu, kila mmoja kwa nambari yake. Saba kati yao walikuwa wamepigwa mstari mwembamba wa penseli, uliopigwa kwa rula, na pembeni ya kila mmoja, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, pameandikwa "imeondolewa: mahudhurio." Mara saba, bila kifupisho. Mtu mwingine angeandika mara moja na kuweka alama za kurudia kwa sita zilizobaki. Chini kabisa palikuwa na namba mpya, 0.04, nayo hakuipigia mstari wala kuizungushia duara.

"Sasa inapita, Mkuu," alisema.

Hakuondoka. Mkono wake ulibaki juu ya meza, kidole cha shahada karibu na mstari wa kwanza wa penseli, na macho yake yalikuwa kwenye karatasi, si kwangu. Nakumbuka mlio wa mashine ya kunakilia iliyokuwa ikijizima kule ukumbini. Ukimya ule sidhani kama ulizidi nusu dakika, lakini ulikuwa na umbo la swali, na muulizaji alipaswa kuwa mimi. Alikuwa ameiacha nafasi hiyo makusudi, naamini hivyo hadi leo. Ningeuliza tu, "Kwa nini hawa saba?" naye angenieleza, na kwa kunieleza tungejikuta wote wawili tumelisikia jambo lile kwa sauti.

"Kazi nzuri," nikasema.

Aliuondoa mkono wake mezani, akaniaga kwa adabu, akaenda zake.

Sasa nitasema kitu ambacho kwa miaka mingi nilikiruka kila nilipojisimulia kisa hiki. Usiku ule nilibaki ofisini na kulifungua faili lake. Kanuni aliyoitumia ilikuwa kwamba mtoto aliyekosa zaidi ya masomo manne asihesabiwe. Si kanuni ya kijinga. Mtoto asiyehudhuria hakutumia programu, basi tutaipimaje programu kwake? Kasoro yake ni kwamba katika kundi jingine hakuna aliyeuhesabu utoro, na kwamba mtoto anayekwepa masomo mara nyingi ndiye yule ambaye masomo hayo hayamsaidii. Ukimtoa, unatoa ushahidi. Ndiyo maana katika majaribio ya dawa watu huhesabiwa katika kundi walilopangiwa mwanzoni hata kama waliacha kumeza vidonge, na ndiyo maana wahariri wa majarida makubwa ya kitabibu walitangaza mwaka 2004 kwamba hawatachapisha tena jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya kuanza. Sisi hatukuwa tunapima dawa, kwa hiyo hapakuwa na aliyetulazimisha kuandika kanuni zetu kabla ya kuyaona matokeo.

Hayo yote niliyajua bila kufungua faili. Nilichokuwa nikikitafuta ni kingine. Nilijaribu kuweka tatu mahali pa nne. Wakaondoka watoto wengi zaidi, kundi likapungua, namba ikapanda juu ya kikomo. Nikajaribu tano, nayo haikupita, na sita vilevile. Katika tarakimu zote ambazo mtu mwenye akili timamu angeweza kuzitetea, nne peke yake ndiyo iliyopita. Mtoto nambari 31, aliyekosa masomo matano na ambaye alama zake hazikusogea hata kidogo, alianguka nje. Mtoto nambari 12, aliyekosa manne na kupanda vizuri sana, alibaki ndani. Yule dada alikuwa ameangalia tena, kama nilivyomwomba, na ameangalia kwa bidii.

Nikafunga kompyuta. Asubuhi nilitengeneza slaidi.

Yaliyofuata hayana urefu. Bodi ilipiga makofi, programu iliingizwa sokoni, nami nilipandishwa cheo ndani ya mwaka ule. Yule dada nilimthibitisha kazini siku moja baada ya kikao, na miezi minane baadaye aliacha kazi kwa barua ya aya mbili iliyojaa shukrani. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyefilisika. Sijui hata kama programu ile ni mbaya, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu huenda ilikuwa inasaidia kidogo kwelikweli na jaribio kubwa zaidi lingelithibitisha. Baada ya 0.04 hapakuwa na mtu wa kulipia jaribio la pili.

Katika cheo kipya nilipewa, miongoni mwa mengine, jukumu la semina za maadili kwa viongozi. Niliifanya kazi hiyo vizuri, nasema bila kujisifu. Nilikuwa nikianza na usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wakati wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kurushia chombo cha anga za juu cha Challenger walipotaka kisirushwe kwa sababu ya baridi, na mkubwa mmoja akamwambia mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi na kuvaa ya umeneja. Kesho yake watu saba walipotea angani. Washiriki hukasirika sana wanapofika hapo, nami nilikuwa nikiwaacha wakasirike, nikitembea katikati ya viti na kuuliza nani kati yao angekubali kubadilisha kofia. Walikuwa wakijibu kwamba hawangekubali. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunirudishia swali, na mimi sikuwahi kujitolea kulijibu. Ile saba ya Challenger na ile saba ya mistari ya penseli sizilinganishi, msinielewe vibaya, ila kila nilipoitamka tarakimu ile mbele ya watu nilikuwa nikikunywa maji.

Kuna jambo jingine dogo, nalo ni la kuchekesha kwa namna yake. Katika semina hizo niliishawishi kampuni ihamishe mahali pa saini katika fomu zetu zote, kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mtu akitia saini ya uaminifu kabla ya kujaza fomu hudanganya kidogo kuliko anayetia saini mwishoni. Mwaka 2021 utafiti huo ulifutwa rasmi, baada ya kugundulika kwamba sehemu ya data zake ilikuwa ya kubuni. Utafiti kuhusu uaminifu! Wenzangu walicheka siku nzima, nami nilicheka nao, ingawa nilitangulia kunyamaza. Fomu zetu hazikubadilishwa, na saini iko juu hadi leo.

Miaka kadhaa baada ya kuondoka, yule dada aliniomba barua ya kumtambulisha kwa mwajiri mpya. Niliandika kwamba ni mchapakazi, mwangalifu, na mwaminifu. Kwenye neno hilo la tatu vidole vyangu vilisita. Si kwamba nilikuwa na shaka naye. Nilikuwa nikijiuliza ni nani anayetoa ushahidi huo. Nikaliacha neno, nikatuma barua, akapata kazi, akanishukuru kwa kuniita Mkuu, ingawa sikuwa tena mkuu wake.

Tuyarudie ya mbegu. Nilipochoka kutafuta miwani nilimwambia binti yangu kwamba angeweza kuandika yote kama yalivyo. Akauliza kama mwalimu atampunguzia alama. Nikasema sijui, na hilo lilikuwa kweli, kwani walimu nao wana majedwali wanayotaka yapendeze. Alinitazama kama mtu aliyepewa ushauri wa bure na kuuona thamani yake, akaenda mezani, akaandika: "Mbegu mbili hazikuota. Sijui kwa nini." Niliusoma mstari ule mara mbili kabla ya kumrudishia daftari.

Usiku huo nilimwandikia yule dada barua pepe. Nilianza na salamu, nikauliza habari za familia yake, nikafuta, nikaanza upya, na mwishowe ikabaki sentensi moja: "Dada, kwa nini nne?" Sijaituma. Ipo bado kwenye rasimu, kwa sababu jibu ninalijua, na ninadhani amejua tangu jioni ile kwamba ninalijua.