Chenza ndani ya buti

Jana jioni mwanangu alilisugua buti lake mpaka likang'aa, akaliweka nje ya mlango kama watoto wengine wa hapa Ujerumani wafanyavyo kila tarehe 5 Desemba, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, ili asubuhi walikute na zawadi. Mimi, kwa kazi za usiku, nikasahau kabisa kulijaza.

Asubuhi ya leo nimefungua mlango kwa hofu, nikalikuta limejaa njugu, chokoleti na chenza moja. Jirani yetu, bibi wa makamo, alikuwa ngazini akijifanya anafagia.

Ndiye aliyenisimulia asili ya desturi hii: kwamba huyo Nikolasi, askofu wa Myra, katika Uturuki ya leo, alisikia habari za baba fukara asiye na mahari ya kuwaozea binti zake watatu (kule mahari ilitoka upande wa mke, kinyume cha kwetu), akawarushia dhahabu dirishani usiku ili asijulikane. Wengine husimulia kwamba iliangukia ndani ya kiatu, na chenza husemekana kuwa mfano wa dhahabu hiyo.

Mwanangu amekataa kulimenya. Amekwenda nalo shule mfukoni, na kila baada ya hatua chache nilimwona akilipapasa.

Ndugu mlioko ughaibuni, kwenu viatu vimejazwa na nani?