Barua za Yalta na Moscow

Usiku huu, mtoto alipolala, nimerudi tena kwenye barua za Anton Chekhov, mwandishi wa Kirusi wa hadithi na tamthilia, na mkewe, mwigizaji Olga Knipper. Walioana mwaka 1901, na miezi mingi ya ndoa yao waliishi mbali mbali. Mume alikuwa Yalta, kando ya Bahari Nyeusi, kwa kuwa madaktari waliona baridi ya Moscow ingemmaliza kwa kifua kikuu. Mke alibaki Moscow, kwenye jukwaa la maigizo. Barua ilikaa njiani siku kadhaa. Ukiuliza leo kama mwenzako amepona mafua, jibu linakukuta una hofu nyingine.

Mahaba yamo, lakini kinachonishika ni yale mambo madogo. Mume anaeleza hali ya hewa, wageni wasioondoka, mbwa, korongo anayetembea bustanini. Mke anaeleza mazoezi na karamu za usiku wa manane. Mume wangu naye anafanya kazi mkoa mwingine, na ninajua kwamba habari ya mvua au ya mboga iliyoungua ndiyo inayomrudisha mtu nyumbani kwake.

Ila Chekhov alificha. Alikuwa daktari, alijua mapafu yake yamefikia wapi, na bado aliandika kana kwamba ni kikohozi cha kawaida. Olga alilalamika kwamba hamfungulii moyo. Naona alikuwa na haki. Utamtunzaje mtu anayekwambia hajambo kila siku?

Wapo wanaomlaumu Olga kwamba alipenda jukwaa kuliko mume. Siwaungi mkono hata kidogo. Mwenyewe aliteseka kwa kujilaumu, akasema yuko tayari kuacha kazi, na mume ndiye aliyekataa. Tangu kabla ya ndoa Chekhov alikwisha kumwandikia kwamba wa kulaumiwa si yeye wala Olga, bali shetani aliyemtia mmoja vijidudu na mwingine mapenzi ya sanaa. Tena mwaka 1902 Olga aliharibikiwa mimba akiwa St. Petersburg, mume yuko Yalta. Hilo nalo walilibeba kwa barua.

Chekhov alifariki Julai 1904 huko Badenweiler, Ujerumani, akiwa na miaka 44, mkewe kando yake. Mwezi uliofuata Olga alichukua daftari akaanza kumwandikia tena, akimsimulia habari kama zamani. Aliishi hadi 1959 na hakuolewa tena.