Wananiambia nijiuzulu kabla ya kikao cha nidhamu, mimi nimekataa

Tangu barua ya kikao cha nidhamu inifikie, karibu kila Mtanzania ninayemwambia hapa Uingereza ananipa jibu lile lile, jiuzulu mdogo wangu, ondoka na heshima yako kabla hawajakufukuza. Jana tena dada mmoja ninayemheshimu sana kaniambia hivyo hivyo kwa upole kabisa, na nimelala na hasira, sio juu yake, ni juu ya hii tabia yetu kwamba ukishaitwa tu na bosi basi umeshaaibika, hata kama hujafanya kitu.

Nyumbani mnajua inavyokwenda. Unapewa barua ujieleze, unajieleza kwa unyenyekevu, mjomba anampigia simu anayefahamiana naye, yanaisha, yasipoisha unatafuta kwingine maisha yanaendelea. Hapa hakuna cha mjomba. Hapa ni karatasi na tarehe, na usipozisoma mwenyewe zitasomwa na wale waliokuita.

Mimi nafanya kazi ya kea, yaani kuwahudumia wazee, kwenye nyumba ya wazee, kwa viza ya kea. Nilikuja na mume na mtoto kabla ya ile Machi 2024 walipofunga mlango wa makea kuleta familia, kwa hiyo viza zao zinaning'inia kwenye yangu. Anayeniambia jiuzulu, anawaambia watu watatu.

Sasa kosa lenyewe. Kila dawa anayopewa mzee inaandikwa kwenye chati, na aliyempa anaweka herufi za mwanzo za jina lake kwenye kile kibox. Kuna mama mmoja wa ghorofa ya chini, chati yake inaonyesha kidonge cha maumivu cha jioni kilitolewa mara mbili, na herufi za mara ya pili ni R na M. Mimi ni R M. Ila jioni ile chini kulikuwa na mtu wa ejensi, kibarua wa kujaza pengo, ambaye naye ni R M, na mimi nilikuwa nimepandishwa juu kwa sababu juu walikuwa pungufu. Mbele ya faili la dawa kuna ukurasa ambao kila mtu anaandika jina lake na sampuli ya saini yake ili ijulikane nani ni nani. Mimi nipo pale. Mtu wa ejensi hakuwahi kujazishwa. Kwa hiyo aliyefanya uchunguzi kafungua ule ukurasa, kaona R M mmoja tu, kafunga faili.

Nimeiangalia ile R mpaka macho yameniuma. Mimi R yangu naiandika kama tulivyofundishwa darasa la kwanza, mguu umenyooka chini. Hiyo ya kwenye chati imekunjwa mkia mpaka imegusa M. Na saa hiyo hiyo kwenye kile kifaa cha tableti tunachoandikia kazi ghorofa ya juu kuna rekodi kwa jina langu na namba yangu kwamba nilikuwa namgeuza mzee mwingine kitandani. Yule mama hakudhurika, namshukuru Mungu, nampenda na ananiita kwa jina langu hata siku anazosahau majina ya wanawe. Hilo ndilo linanichoma kuliko yote, kuandikwa kwamba mimi ndiye niliyemhatarisha.

Halafu meneja ananivuta pembeni kwenye korido ananiambia, kwa faida yako ungefikiria kujiuzulu, itakuwa rahisi kwa kila mtu. Nikamwambia naomba aniandikie hayo kwenye imeili. Mpaka leo hajaandika.

Hebu tukae tuhesabu, kwa sababu watu wanashauri bila kuhesabu. Ukiwa na viza ya mwajiri, ukiacha kazi mwenyewe au ukifukuzwa, mwajiri anatakiwa aripoti Home Office, wizara inayosimamia viza, ndani ya siku 10 za kazi, na Home Office wanaifupisha viza yako, kwa kawaida wanakuachia siku 60 upate mwajiri mwingine mwenye leseni ya kuajiri watu wa viza na uwe umeshaomba viza upya, au uondoke. Aliyejiuzulu haongezewi hata siku moja kwa ustaarabu wake. Pili, wengi wanadhani ukiondoka jambo linafia hapo. Halifi. Kwenye kazi zetu za wazee na watoto kuna DBS, ofisi ya serikali inayoweza kumzuia mtu kufanya kazi hizi, na mwajiri akiamini ulimdhuru mtu au ulimhatarisha na angekutoa kwenye kazi hiyo, sheria inamlazimisha akupeleke huko hata kama umeshajiuzulu. Unaondoka, wao wanabaki kuandika hadithi peke yao, na wewe hukuweka hata mstari mmoja wa upande wako kwenye faili. Na mwajiri mpya akiomba rejea, yaani maelezo yako kutoka kazi ya zamani, wanaruhusiwa kabisa kusema ukweli kwamba uliondoka ukiwa na kesi ya nidhamu. Hiyo heshima tunayoambiwa tuondoke nayo mimi sijaiona iko wapi.

Wapo wanaosema jiuzulu halafu washtaki kwamba ulilazimishwa kuondoka. Kwa sheria iliyonikuta mimi, madai mengi ya kuachishwa kazi isivyo haki yanataka uwe na miaka miwili pale kazini, na kuthibitisha kwamba ulisukumwa ni kazi nzito, na muda wa kupeleka madai ni miezi mitatu kasoro siku moja na lazima upitie Acas kwanza, taasisi ya kusuluhisha migogoro ya kazi. Hiyo ni njia ya mtu mwenye wakili na akiba, sio ya mtu anayehesabu siku 60.

Sasa niwaambie kilichonishangaza. Aliyenisaidia sio wa kwetu. Ni mama mmoja Mwingereza anayefua nguo pale kazini, mtu wa maneno machache, tulikuwa tunasalimiana tu. Kanikuta kwenye chumba cha mapumziko nimeshika ile barua, kaisoma yote, kaniuliza, nani anakusindikiza? Mimi hata sikujua kwamba mtu anasindikizwa. Kumbe ni haki iliyoandikwa kwenye sheria ya 1999, unaruhusiwa kuingia na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi, anaweza kuongea, kueleza hoja zako na kuzifunga mwishoni, ila hawezi kujibu maswali kwa niaba yako. Akaniambia, nitaingia na wewe. Tarehe waliyopanga alikuwa likizo, akanionyesha kwamba msindikizaji akiwa hana nafasi unapendekeza wewe siku nyingine ndani ya siku 5 za kazi. Tumeandika, wamekubali. Huyu mama ana kazi yake ya kulinda na hana anachopata kwangu. Nilipomshukuru nikalia, akanipa tishu akarudi kwenye mashine zake.

Ndiye aliyeniambia pia kwamba barua haiwezi kuja mikono mitupu. Mwongozo wa Acas unataka uelezwe kosa kwa maandishi, na kwa kawaida upewe ushahidi ulioandikwa kabla ya kikao, na uachiwe muda wa kujiandaa. Mwajiri akiupuuza bila sababu na mkafika mahakama ya kazi ukashinda, fidia inaweza kupandishwa mpaka asilimia 25. Nikaomba kwa imeili chati, rota (ratiba ya shifti) ya siku ile na maelezo ya mashahidi. Rota imekuja, na jina langu limekatwa kwa peni chini, likaandikwa juu, kwa mwandiko wa msimamizi mwenyewe wa shifti. Walikuwa nayo muda wote.

Mnaotaka kuja, na najua kea kutoka nje walishafunga Julai 2025 ila wauguzi na wengine bado mnakuja, jiungeni na chama cha wafanyakazi wiki ya kwanza, kabla hata ya kununua jaketi. Vyama vingi havikubali kubeba tatizo lililoanza kabla hujajiunga, nimeona mtu akikataliwa hivyo. Na ukihamishwa ghorofa katikati ya shifti, omba iandikwe.

Sisemi hakuna mtu anayepaswa kujiuzulu. Mwenye makazi ya kudumu na kazi nyingine mkononi, aondoke akiona vyema. Na mimi kuna usiku natamani kuamka niondoke tu, nisiione tena ile korido. Aprili 2025 waajiri wa kea hapa England walianza kutakiwa watafute kwanza kati yetu tuliomo ndani tunaohitaji mwajiri mpya kabla ya kuajiri kutoka nje, na sasa kutoka nje ndio kumeshafungwa, kwa hiyo maombi nimeshaanza kutuma, sifichi. Lakini nitaingia kwenye kikao kwanza. Wakinipa onyo nisilostahili nitakata rufaa, wakinisafisha nitaomba niandikiwe barua kwamba nimesafishwa, na nikipata mwajiri mwingine na viza ikatoka, hapo ndipo nitaandika ya kuacha kazi, na notisi yao nitawapa kamili.

Kikao ni Alhamisi saa nne asubuhi. Aliyewahi kupitia aniambie, ule ukurasa wa sampuli za saini niutoe mwanzoni kabisa au nisubiri waniulize kuhusu herufi?