SPARCstation 5 imebuti kwa mtandao: kizuizi kilikuwa rpcbind

Imewaka! SPARCstation 5 yangu, kompyuta ya Sun ya 1994, imepakia kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya NetBSD, mfumo huria wa aina ya Unix, kutoka kwenye seva ya Linux. Haina diski wala CD, ni waya wa mtandao tu, megabiti 10.

Ya mwanzo nayapita haraka. Betri ya NVRAM, kumbukumbu inayohifadhi mipangilio, ilikufa, kwa hiyo anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) nimeiandika upya kwa amri ya mkp. Konsoli ni ya waya wa siriali, biti 9600 kwa sekunde. RARP, njia ya mashine kuuliza anwani yake ya IP, ilijibiwa papo hapo, na TFTP, njia rahisi ya kutuma faili, ikatoa C0A8010A.SUN4M, yaani 192.168.1.10 kwa heksadesimali, herufi kubwa zote. boot.net, programu ndogo ya kubuti ambayo jina hilo ni kiungo chake, ikaingia. Baada ya hapo, kimya.

Kimya hicho kimeninyima usingizi. Kwenye skrini hakuna kosa, kwenye logi ya seva hakuna kosa. rpc.bootparamd, huduma inayoiambia mashine mzizi (root) wa faili zake uko wapi, ilikuwa hai, faili yake ya /etc/bootparams iko sawa, na amri ya rpcinfo -u ilipoigonga moja kwa moja, ikajibu. SPARC ikiuliza, haipati kitu.

Aliyefichua siri ni tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita mtandaoni. Wireshark, mwenzake wa madirisha, inapendeza, lakini kwa kazi hii nataka mistari itiririke kwenye terminali moja huku siriali iko ya pili, na tcpdump -n -e inanitosha kabisa. Nikaona kinachotokea: SPARC haijui bootparamd iko kwenye seva gani wala poti gani. Inautangazia mtandao mzima, UDP poti 111, ikiiomba rpcbind, huduma ya seva inayoelekeza maombi kwa huduma nyingine, ichukue swali lake la whoami ("mimi ni nani?") na kulipitisha kwa bootparamd. Pakiti zilikuwa zinafika vizuri. rpcbind ndiyo haikuzipitisha, maana matoleo ya siku hizi hukompailiwa huduma hiyo ikiwa imezimwa. Kiusalama nakubaliana nao. Kuiacha wazi kwenye intaneti ni hatari. Lakini bootparams yote imesimama juu ya huduma hiyo, na kulitupa ombi bila kuacha hata mstari mmoja kwenye logi ni kutesa watu. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Nimechukua msimbo wa rpcbind, nikapitisha ./configure --enable-rmtcalls ili kuiwasha huduma hiyo, nikakompaili. Seva hii iko kwenye swichi isiyogusa intaneti, kwa hiyo sina wasiwasi. Nikaandika boot net tena, na ule mstari wa "Using BOOTPARAMS protocol" ukatokea. NFS, njia ya kutumia faili za seva kupitia mtandao, ikafuata bila shida, kerneli ikapanda. Nilipiga kelele nyumba nzima ikasikia.

Mpango ulikuwa niendelee na X, mfumo wa madirisha, kwenye kadi ya michoro ya cgsix. Utasubiri. Nimewaza kwamba mzizi ukiwa kwenye NFS, naweza kuweka folda kadhaa za mzizi, kila moja na mfumo wake, nikabadilisha mstari wa bootparams na kiungo cha TFTP tu. Naanza na OpenBSD 5.9, toleo la mwisho kwa sparc ya biti 32. Faili zake zinashuka sasa hivi.